Kutibu udongo wa kujazia gundi ya silikoni ya joto kali: mwongozo wa hatua kwa hatua

Maswali yanayokuja ni yale yale. Mtu amenunua bentonaiti, aina ya udongo wa kujazia, ameikoroga kwenye silikoni, gundi imekuwa nzito na inapakika vizuri. Kisha ameitia kwenye oveni ya nyuzi 250 za Selsiasi, na asubuhi yake anakuta kitu kimejaa mapovu kama mkate uliochachuka, au kimekakamaa hadi kinakatika kikikunjwa. Anauliza: udongo si hustahimili moto? Mbona gundi imeharibika?

Udongo haukuharibika. Kilichoharibu gundi ni kile ulichoupaka udongo, au kile ulichokiacha ndani yake: maji, chumvi, magadi. Ukiosha na kukausha udongo kama inavyotakiwa, na ukachagua dawa ya kuutibu inayolingana na joto la kazi yako, nusu ya maswali hayo hayatakuja tena. Ndiyo maana katika mwongozo huu nimekaa muda mrefu kwenye kuosha na kukausha kuliko kwenye kukoroga.

Nadharia, kidogo tu

Bentonaiti ni mwamba ambao sehemu yake kubwa ni madini ya montimoriloniti. Chembe yake ni kama kitabu chenye kurasa nyembamba sana, kila ukurasa unene wake ni kama nanomita 1. Kati ya kurasa mna ioni (chembe ndogo zenye chaji ya umeme) za sodiamu au kalisi pamoja na maji. Kurasa hizo zinapenda maji na silikoni inayakataa, kwa hiyo ukivikutanisha hivihivi udongo hubaki mabongemabonge. Kuutibu ni kuitoa sodiamu na kuweka mahali pake ioni yenye mkia wa mafuta.

Kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri, ni tofauti. Kurasa zake zimeshikana na hazibadilishani ioni kwa kiasi cha maana, hivyo tunaitibu kwa nje, kwa kuivika sileni. Sileni ni kemikali yenye ncha mbili: moja hushika udongo, nyingine hushikana na silikoni.

Kabla ya kununua chochote: joto gani, silikoni gani

Silikoni nyingi huvumilia nyuzi 200 kwa muda mrefu. Zikitiwa oksidi nyekundu ya chuma zinasogea hadi kama 250, na zaidi ya hapo kwa vipindi vifupi. Ndiyo sababu gundi nyingi za gasketi za injini ni nyekundu. Usitegemee udongo peke yake usogeze mpaka huo. Kazi ya udongo ni kuizuia gundi isichuruzike ukutani, kupunguza kunywea, kuipa nguvu na kuipunguzia gharama. Kama unataka kitu cha kukaa kwenye nyuzi 600, achana na silikoni kabisa, utafute simenti ya tanuru.

Sasa tazama silikoni yenyewe inavyoiva. (Wengi husema inakauka, lakini hapa hakuna maji yanayotoka. Molekuli zinafungana, kwa hiyo nitasema inaiva.)

Ile ya tyubu moja inayonuka siki huiva kwa unyevu wa hewa na kutoa asidi asetiki. Inakula shaba na chuma, na ukiichanganya na udongo wenye unyevu itaanza kuiva mikononi mwako. Ile ya tyubu isiyonuka siki haili metali, ila inaogopa unyevu vilevile.

Ile ya vyombo viwili yenye kichocheo cha bati ni rahisi kwa anayeanza, lakini si rafiki wa joto kali. Ikifungiwa mahali pasipo na hewa na ikachemka, inaweza kurudi kuwa ute.

Ile ya vyombo viwili yenye kichocheo cha platini ndiyo ninayoipendekeza kwa kazi ya joto. Udhaifu wake ni kwamba platini hulishwa sumu kirahisi: amini (kemikali za jamii ya amonia), salfa, bati na baadhi ya misombo ya fosforasi huizuia isifanye kazi. Kumbuka hilo, maana linaamua udongo wako utibiwe kwa nini.

Kutokana na hayo kuna njia mbili:

Njia A ni kaolini iliyochomwa, ikavikwa sileni ya vinili. Inafaa platini na inafaa joto. Kama hujawahi kufanya kazi hii, anza na hii na uizoee kabisa kabla ya kwenda nyingine.

Njia B ni bentonaiti iliyobadilishwa ioni. Hapa kiasi kidogo sana cha udongo hufanya kazi kubwa, lakini kuna mitego. Ukitumia chumvi ya amoniamu yenye mkia mrefu, mkia huo huanza kukatika karibu na nyuzi 200, kwa hiyo usiipeleke kazi ya zaidi ya 180. Ukitumia chumvi ya fosfoniamu unaweza kwenda juu zaidi, kwa sababu yenyewe huanza kuvunjika juu ya nyuzi 300 hivi. Bei yake pia iko juu.

Vitu vya kuwa navyo

- Mizani inayosoma gramu 0.01. Mizani ya jikoni haitoshi.
- Kaolini iliyochomwa, au bentonaiti ya sodiamu yenye karatasi ya maelezo ya muuzaji.
- Maji yaliyokenekwa, lita nyingi kuliko unavyodhani. Yale yanayouzwa kama maji ya betri yanafaa. Asidi ya betri ni kitu kingine kabisa, soma chupa.
- Sileni: vinilitrimetoksisileni kwa njia A.
- Chumvi ya kubadilishia kwa njia B: setilitrimetiliamoniamu bromaidi (chupa huandikwa CTAB) au tetrafenilifosfoniamu bromaidi.
- Ethanoli, asidi asetiki kidogo, karatasi za kupimia pH (kiwango cha asidi au magadi), myeyusho wa nitrati ya fedha kwenye chupa ya kudondoshea.
- Oveni yenye kipimajoto chake cha pembeni. Namba iliyo kwenye kitasa haiaminiki. Oveni hii isipikiwe chakula tena.
- Kinu na mchi wa kauri, chekeche ya mikromita 75 (wauzaji huiita mesh 200), na ukiweza ya mikromita 45.
- Kipande cha kioo kinene, mwiko wa chuma wenye ukingo ulionyooka, pampu ya kuvuta hewa na chombo chake.
- Glovu za nitrili, miwani, barakoa ya vumbi daraja la FFP2 au zaidi.

Glovu ziwe za nitrili, si za mpira wa kawaida. Mpira una salfa, na alama ya kidole chenye glovu hiyo juu ya silikoni ya platini hubaki nata siku nzima. Nimeona mtu akitupa kilo mbili za silikoni akiamini ameuziwa feki, kumbe ni glovu.

Barakoa nayo usiipuuze. Udongo wa asili mara nyingi una chembe za kwatzi, madini magumu ya mchanga, na vumbi lake likikaa mapafuni halitoki. Uvae wakati wa kupima, kusaga na kuchekecha, hata kama ni gramu 10 tu.

Udongo wa kutotumia

Usichukue udongo wa kusafishia mafuta ya kula. Umechemshwa na asidi, na asidi iliyobaki huikata silikoni vipandevipande kwenye joto. Usichukue pia udongo uliochimbwa tu bila kujua ndani yake mna nini. Na bentonaiti iliyogeuzwa kuwa ya sodiamu kwa kutiwa magadi inatumika, lakini ni lazima ioshwe, kwa sababu magadi yanafanya uharibifu ule ule wa asidi.

Kipimo chake ni rahisi. Weka gramu 5 za udongo kwenye mililita 50 za maji yaliyokenekwa, tikisa, subiri nusu saa, chovya karatasi ya pH. Unataka kati ya 6 na 8. Bentonaiti ya sodiamu mbichi mara nyingi husoma 9 au zaidi, usishtuke, ndiyo maana tunaiosha.

Njia A: kaolini na sileni

1. Kausha gramu 100 za kaolini iliyochomwa kwa nyuzi 120, saa 4, ikiwa imetandazwa kwenye sinia isizidi unene wa kidole. Hakikisha ni iliyochomwa kweli. Kaolini mbichi imebeba karibu asilimia 14 ya uzito wake kama maji yaliyofungwa kwenye madini yenyewe, na haitoi mpaka ifike kama nyuzi 450 na kuendelea. Oveni ya kawaida haiwezi kukusaidia hapo.

2. Changanya ethanoli mililita 190 na maji mililita 10. Dondosha asidi asetiki tone kwa tone mpaka pH iwe kati ya 4.5 na 5.5.

3. Tia gramu 1 ya vinilitrimetoksisileni huku ukikoroga. Acha dakika 10. Mchanganyiko ubaki angavu. Ukiona wingu jeupe, sileni imeanza kushikana yenyewe kwa yenyewe. Mwaga, anza upya. Fanya hatua hii penye hewa inayopita, kwa kuwa sileni hii ikigusana na maji hutoa methanoli, ambayo ni sumu hata kwa mvuke.

4. Mimina kaolini kidogo kidogo, koroga saa 1 bila kuacha. Utapata uji mwepesi.

5. Tandaza uji kwenye sinia na uuache nje ya oveni, penye hewa, mbali na moto na swichi, mpaka harufu ya ethanoli iishe kabisa. Usiingize sinia yenye ethanoli kwenye oveni ya umeme. Mvuke wake hushika moto kutokana na cheche ya kidhibiti joto.

6. Harufu ikiisha, ingiza ovenini kwa nyuzi 110, saa 2. Hapo ndipo sileni inashika udongo kwa nguvu.

7. Saga taratibu, chekecha, weka kwenye chupa inayofunga kwa kukaza pamoja na kifuko cha silika ya kunyonya unyevu.

Ujuaje kama imeshika? Jaza bilauri maji, nyunyiza kwa juu chembe kidogo za kaolini ambayo hujaitibu. Zitalowa na kuzama mara moja, zikiacha mkia mweupe kama maziwa. Kisha nyunyiza iliyotibiwa. Itakaa juu ya maji kama vumbi, na ukiisukuma kwa kijiti inazama ikiwa imezungukwa na utando wa hewa unaong'aa, halafu inapanda tena. Kama nusu inazama na nusu inaelea, hukukoroga vya kutosha au udongo ulikuwa na unyevu.

Usiongeze sileni ukidhani ikizidi ndiyo bora. Asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa udongo inatosha. Ziada haishiki udongo, inabaki kama mafuta yanayolegeza gundi na kutoka kama gesi kwenye joto. Na usibadilishe sileni ya vinili kwa sileni yenye amino eti kwa sababu ndiyo iliyopo: kwenye silikoni ya platini hiyo ni sumu.

Njia B: bentonaiti na chumvi yenye mkia

8. Pasha lita 1 ya maji yaliyokenekwa hadi nyuzi 60. Koroga kwa kasi hadi maji yafanye shimo katikati, na unyunyize gramu 20 za bentonaiti pembeni mwa shimo hilo, polepole, kama unavyonyunyiza unga kwenye uji ili usifanye madonge. Inaweza kuchukua dakika 20. Endelea kukoroga saa 2, kisha acha ikae usiku kucha.

9. Asubuhi utaona tabaka. Chini kabisa kuna mchanga na kwatzi, rangi ya kijivu, umekaa mgumu. Juu kuna maji mazito kama supu, hayatulii. Unachotaka ni hicho cha juu. Kimwage kwenye chombo kingine bila kutikisa, uache tope la chini.

10. Sasa hujui tena una udongo kiasi gani, maana sehemu umeiacha chini. Hapa ndipo watu wengi hukosea, wanaendelea na hesabu ya gramu 20. Chukua mililita 50 za maji yale ya juu, yakaushe ovenini kwa nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike, pima. Tuseme umepata gramu 0.80. Basi kila lita ina gramu 16.

11. Piga hesabu ya chumvi. Karatasi ya muuzaji itataja uwezo wa kubadilishana ioni, kwa bentonaiti nzuri huwa kati ya miliekwivalenti (kipimo cha idadi ya chaji) 80 na 120 kwa gramu 100. Tuseme ni 90. Gramu 16 × 0.90 = miliekwivalenti 14.4, yaani moli 0.0144 za chumvi. CTAB ina gramu 364.45 kwa moli, hivyo 0.0144 × 364.45 = gramu 5.25 kwa lita moja ya maji yako. Ukitumia tetrafenilifosfoniamu bromaidi, gramu 419.3 kwa moli, unapata gramu 6.04.

Kama muuzaji hana namba hiyo, ipime mwenyewe kwa bluu ya methilini: ongeza rangi kwenye maji ya udongo kwa vipimo vidogo, kila mara dondosha tone kwenye karatasi ya chujio. Pale rangi inapozidi, tone la bluu iliyokolea huzungukwa na duara la samawati hafifu. Hapo udongo umeshiba, na kiasi cha rangi ulichotia kinakupa uwezo wake.

Shika namba uliyoipata, usiipandishe. Chumvi inayozidi haina pa kukaa kati ya kurasa. Inajibandika nje na ndiyo ya kwanza kuungua.

12. Yeyusha chumvi kwenye maji ya moto ya nyuzi 60 hadi 70. Ile ya fosfoniamu inakubali zaidi ukiongeza ethanoli kidogo, lakini pasha kwa maji ya moto, si kwa moto wa wazi. Idondoshe kwenye udongo taratibu kwa nusu saa huku ukikoroga. Utaona mabadiliko kwa macho: yale maji mazito yanakatika kama maziwa yaliyoganda, mabonge yanaelea, na kati yake maji yanaanza kuwa angavu. Endelea saa 3 kwa joto hilo hilo.

13. Chuja, na uoshe. Rudisha udongo kwenye maji mapya ya uvuguvugu yaliyokenekwa, koroga dakika 15, chuja tena. Kila baada ya kuosha chukua mililita chache za maji yaliyochujwa, yawe baridi, dondosha nitrati ya fedha. Wingu la manjano hafifu maana yake bado kuna bromaidi, na palipo na bromaidi pana chumvi iliyobaki. Rudia mpaka tone litue bila kubadilisha chochote. Mara nyingi ni mara nne hadi sita.

Hatua hii inachosha na ndiyo inayorukwa. Tafadhali usiiruke. Na usioshe kwa maji ya bomba kisha ukashangaa kwa nini wingu haliishi: maji ya bomba yana kloraidi, nayo hutoa wingu jeupe lake yenyewe. Nitrati ya fedha inaacha doa jeusi kwenye ngozi na nguo, halitoki kwa sabuni.

14. Kausha kwa nyuzi 70, siku nzima. Usiharakishe kwa kupandisha joto, utapata vigaga vigumu kama kigae ambavyo kinu hakiviwezi. Saga, chekecha, hifadhi kama kwenye hatua ya 7.

15. Kabla ya kuuweka kwenye silikoni yoyote, upime kwa moto. Pima gramu 1 iliyokauka kwenye kisahani cha kauri, iweke ovenini kwa joto la kazi yako, saa 2, upime tena. Udongo wa njia B una takriban sehemu moja kwa tano ya uzito wake iliyo mkia wa mafuta, kwa hiyo ukipoteza asilimia 1 au 2 huo ni unyevu. Ukipoteza asilimia 8, ukaona rangi imekuwa ya kahawia na ukasikia harufu ya samaki, hiyo ni amoniamu iliyovunjika kuwa amini. Udongo huo si wa kazi hiyo. Kipimo hiki kinagharimu gramu moja, na kinaokoa kopo zima la silikoni.

Kuchanganya na silikoni

16. Kausha udongo tena usiku wa kuamkia kazi, hata kama ulikuwa kwenye chupa iliyofungwa: kaolini kwa nyuzi 120, bentonaiti iliyotibiwa kwa nyuzi 80. Mwaka wa kwanza niliona hili ni kujisumbua. Nilichanganya gramu 500 za silikoni ya tyubu na udongo uliokaa rafu kwa wiki mbili, nikafunga kopo vizuri, na kesho yake nilikuta kipande kimoja cha mpira chenye umbo la kopo. Unyevu wa udongo ndio ulioiivisha.

17. Amua kiasi. Kwa kila sehemu 100 za silikoni kwa uzito (jumla ya vyombo vyote viwili), anza na bentonaiti iliyotibiwa sehemu 2, kisha jaribu 3 na 5. Kupita 5, gundi inakuwa nzito mno na mapovu hayatoki. Kaolini anza na 20, kisha 30 na 40. Kwa kazi ya zaidi ya nyuzi 200 ongeza oksidi nyekundu ya chuma sehemu 2 au 3, nayo iwe imekaushwa. Daima tengeneza pia sampuli isiyo na udongo kabisa. Bila hiyo huna cha kulinganisha.

18. Weka udongo kwenye chombo kisicho na kichocheo. Kwenye silikoni nyingi za platini kichocheo kiko kwenye chombo A, lakini soma kopo lako. Anza na donge zito: udongo wote na robo ya silikoni. Liweke kwenye kioo, ulisage kwa mwiko kwa kulivuta na kulirudisha kwa nguvu, dakika 15 hadi 20. Vuta tabaka jembamba juu ya kioo, uliinue kwenye mwanga. Vidoto vinavyoonekana ni madonge, endelea. Likiwa laini, ongeza silikoni iliyobaki kidogo kidogo. Aliye na mashine ya roli tatu apitishe mara tatu, atapata matokeo ambayo mkono hauyafikii.

19. Ongeza chombo cha pili, koroga dakika 3, kwangua kuta na chini ya chombo, koroga tena. Ingiza kwenye pampu ya kuvuta hewa. Povu litapanda mara tatu au nne ya ujazo, kwa hiyo chombo kiwe kikubwa vya kutosha. Likipanda na kuanguka lenyewe, ongeza dakika 2, toa.

20. Kwa udongo mpya jaribu kwanza gramu 5 tu. Zikishindwa kuiva, umepoteza gramu 5.

Kuunganisha na kupima

21. Chukua vipande vya chuma vyenye upana wa milimita 25. Kwangua mwisho kwa msasa, futa kwa asetoni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, paka praima (rangi ya awali ya kushikisha gundi) inayoendana na silikoni yako kama mtengenezaji ameitaja. Pandisha kipande juu ya kingine milimita 12.5, katikati weka vipande viwili vya waya wa milimita 0.5 ili unene uwe sawa kila mara. Tengeneza vitano kwa kila mchanganyiko. Kimoja hakisemi kitu.

22. Ivisha kama kopo linavyoelekeza, kisha pandisha joto kwa ngazi: saa 1 kwa nyuzi 100, saa 1 kwa 150, saa 4 kwa 200. Baada ya hapo ndipo uende 250 na kuacha saa 72; gundi yenye udongo wa amoniamu iishie 180. Fungua madirisha au weka oveni chini ya kivuta hewa, kwa sababu silikoni iliyo juu ya nyuzi 150 hewani hutoa formaldehaidi kidogo, na saa 72 ni nyingi.

23. Vuta. Kama huna mashine, ning'iniza kipande kwa kibano imara, funga ndoo upande wa chini, iwe sentimita chache tu juu ya sakafu, ongeza mchanga mpaka kikatike, pima ndoo. Eneo ulilounganisha ni milimita za mraba 312.5. Ndoo ya kilo 20 ni nyutoni 196, gawanya kwa 312.5 unapata megapaskali 0.63. Linganisha wastani wa vitano kabla na baada ya joto.

Tazama pia palipokatikia. Gundi ikibaki pande zote mbili za chuma, gundi yenyewe ndiyo iliyochanika, na hiyo ni habari njema. Chuma kikiwa safi upande mmoja, tatizo ni uso wa chuma au praima, na hakuna udongo utakaolitibu.

Mambo yakienda kombo

*Imejaa mapovu baada ya joto, kabla ya joto ilikuwa safi.* Ni unyevu wa udongo, au umepandisha joto kwa ghafla. Rudi hatua ya 16 na ya 22. Kama mapovu yanaanza tu ukivuka nyuzi 200 na udongo ni wa amoniamu, ni mkia unaovunjika. Badilisha uende fosfoniamu au kaolini.

*Haiivi, inabaki nata kote.* Kwenye platini, shuku sumu. Kwanza glovu, kisha chombo ulichotumia kwa silikoni ya bati, kisha udongo. Udongo wa amoniamu ndio mshukiwa mkubwa, kwa amini zinazobaki ndani yake, na wa fosfoniamu nao uujaribu kwanza kwa gramu 5. Ikiwa sampuli isiyo na udongo imeiva vizuri na yenye udongo haijaiva, umepata jibu.

*Imeiva, lakini baada ya saa 72 imekuwa laini au ina ute.* Hapa minyororo ya silikoni inakatika. Pima pH ya udongo. Mara nyingi utakuta ni zaidi ya 8, magadi hayakutoka. Osha upya. Kama pH ni nzuri na silikoni ni ya bati, tatizo ni silikoni yenyewe mahali palipofungwa.

*Imekuwa ngumu, inapasuka ikikunjwa.* Oksijeni ya hewa imeingia na kufunga minyororo kupita kiasi. Ongeza oksidi nyekundu ya chuma, au punguza joto la kazi. Ikiwa ilikuwa ngumu hata kabla ya oveni, punguza kaolini.

*Nzito kama udongo wa mfinyanzi, haipakiki.* Bentonaiti imezidi, au kaolini haikushika sileni. Fanya kile kipimo cha bilauri ya maji.

*Inachuruzika ukutani ingawa ina kaolini sehemu 30.* Kaolini inaongeza uzito lakini haisimamishi gundi vizuri. Ongeza bentonaiti ya fosfoniamu sehemu 1, au silika ya moshi (unga mwepesi sana wa silika) sehemu 2, iliyokaushwa.

*Kundi la kwanza lilikuwa zuri, la pili baya, na hakuna nilichobadilisha.* Angalia namba ya gunia la udongo. Madini ya asili hubadilika, na uwezo wa kubadilishana ioni wa gunia jipya unaweza kuwa 80 wakati la zamani lilikuwa 95. Ukitumia chumvi ile ile ya zamani, sasa imezidi. Kila gunia jipya linaanza hatua ya 10, na namba yake iandikwe kwenye chupa kwa kalamu isiyofutika, pamoja na tarehe na pH.